Devon, mahali kuku wanapostaafu

Msomaji, kuku wa kwetu ana kazi tatu: kutaga, kuangua na kupokea wageni. Mgeni akiingia uani na begi lake, kuku ndiye wa kwanza kujua kwamba mambo yameharibika. Sasa sikiliza ya Uingereza. Huko wapo watu, tena wenye akili zao timamu, wanaopanga foleni asubuhi kwenye baridi ili wapewe kuku aliyechoka kutaga, amenyonyoka manyoya, na nyama hana. Wanamchukua nyumbani, wanampa jina, wanamtibu akiumwa na wanamzika akifa. Hawamli!

Zamani nikisikia habari hizi nilidhani ni porojo za watu waliokwenda Ulaya wakarudi na sanduku tupu. Oktoba 2024 nikaziona kwa macho yangu mkoani Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, nilipokwenda kumtembelea binti wa shangazi yangu. Yeye ni muuguzi katika mji wa Exeter, ila anaishi kijijini, kwa sababu ati mjini kodi ya nyumba inauma.

TRENI YA KUPUNGIA MKONO

Kutoka London unapanda treni stesheni ya Paddington, na baada ya saa mbili na ushee uko Exeter. Hapo starehe inaishia. Ukitaka kuingia shamba unabadili, unapanda kitreni cha kwenda Barnstaple, chenye vibehewa vichache, kinachofuata mto kwa mwendo wa bibi harusi. Njia hiyo ina vituo ambavyo treni haisimami mpaka uipungie mkono, kama daladala. Kimojawapo kinaitwa Portsmouth Arms, na jina hilo ni la baa. Ukiwa ndani unamwambia kondakta mapema kwamba utashuka kituo fulani. Nilicheka peke yangu dirishani. Kumbe na Waingereza wana "shusha"!

Devon ni nchi ya vilima, ng'ombe na mvua. Upande wa Crediton udongo ni mwekundu, ungedhani uko njia ya Karatu. Barabara za vijijini ni nyembamba, zimebanwa na kingo za udongo zilizoota miti juu yake. Magari mawili yakikutana, mmoja lazima arudi nyuma, na hakuna anayetukana.

Wala usidhani hawa ni watu wa mjini ambao hawajawahi kuona mnyama anachinjwa. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipoivamia Uingereza, Devon ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Nchi nzima wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa, na mizoga mingi ilichomwa moto mashambani. Watu wa huku wanaijua thamani ya mfugo, na wanajua pia unavyoondoka.

Jirani wa dada yangu ni mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, dereva wa basi mstaafu, aliyefiwa na mke. Jioni ya siku niliyofika, dada akaniambia, "Kaka, kesho Mzee anakwenda kuchukua kuku wake. Twende ukaone. Lakini nakuomba, usiulize wataliwa lini."

FOLENI YENYE MABOKSI

Shirika linaloshughulika na jambo hili linaitwa British Hen Welfare Trust. Lilianzishwa huko huko Devon mwaka 2005 na mama mmoja, Jane Howorth, ambaye mwaka 2016 alipewa nishani ya MBE. Tangu lianze limewatafutia makao mamia ya maelfu ya kuku, nchi nzima.

Hawa si watu wa kuvunja mabanda usiku na kukimbia. Wanaongea na mfugaji mchana kweupe. Mfugaji anajua tarehe ambayo kundi lake litaondolewa. Badala ya kuku wote kupakiwa kwenye lori la machinjioni, shirika linachukua kadiri linavyoweza, na watu waliojiandikisha wanapangiwa siku na saa ya kufika.

Kwa nini tarehe hiyo iwepo? Ni hesabu tu, bwana. Kuku hawa wekundu ni akina ISA Brown, Lohmann Brown na ndugu zao, ukoo ule ule unaofugwa Dar es Salaam, Kibaha na Nairobi. Kuku wa namna hiyo hutaga mayai kama 300 kwa mwaka. Babu yao wa porini kule Asia hutaga mayai 10 hadi 15 tu kwa mwaka. Gamba la kila yai linataka kama gramu 2 za kalsiamu. Lishe isipotosha, kuku anachota kwenye mifupa yake mwenyewe, na ndiyo maana wengi wao hupatikana mfupa wa kidari umevunjika. Ndani ya banda taa huwaka hata saa 16 kwa siku ili mwili usisahau kazi. Akifikisha wiki 72 au zaidi kidogo, yaani mwaka mmoja na nusu hivi, mayai yanapungua, magamba yanakuwa membamba, na chakula anachokula ni kile kile. Mwenye mali anafunga daftari. Hata wale kuku wanaotoka nje na kula majani, ambao mayai yao huuzwa ghali zaidi, mwisho wao ni huo huo.

Tulifika saa tatu asubuhi. Watu walikuwa wamesimama mbele ya banda kubwa, kila mmoja na chombo chake: maboksi yaliyotobolewa, vikapu vya kubebea paka, hata boksi la televisheni. Alikuwepo mama na mabinti wawili waliovaa mabuti ya mvua, kijana mwenye hereni puani, na mzee na mkewe walioshikana mikono. Ningekuwa na tenga langu la kwetu ningewafundisha kazi. Mzee wetu alijiandikishia kuku watatu, kwa sababu kuku hapendi upweke na ukimchukua mmoja peke yake unamtesa. Akatoa mchango wake wa pauni chache, akapewa kuku wake.

Jamani! Nimeona kuku wengi, lakini hawa walikuwa na namna yao. Shingo tupu, wala si ile ya asili ya kuku kishingo. Hii ni ya manyoya kuisha. Kifua chekundu kwa kusuguka. Upanga wa kichwani mkubwa, mweupe kama uliolowekwa, umeangukia jicho moja kama kofia ya mlevi. Ncha ya mdomo imekatwa, maana wakibanana wanadonoana. Mzee akanipa mmoja nimshike. Kuku wa kwetu ukimkamata mtaa mzima unajua, na kama si wako utajibu maswali. Huyu alinyamaza kimya, akaniangalia. Alikuwa mwepesi, na alikuwa na joto kali. Nikakaa naye kifuani mpaka boksi likafunguliwa, na mzaha wote niliokuwa nimeuandaa ukanikauka mdomoni.

UKURASA WA GAZETI

Kufuga kuku kwenye vizimba vya waya kulienea Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1950. Nia haikuwa mbaya: baada ya vita watu walitaka mayai mengi kwa bei ndogo, na waliyapata. Mwaka 1964 mwanamke wa Kiingereza, Ruth Harrison, akatoa kitabu kinachoitwa "Animal Machines" kuonyesha jinsi mifugo hiyo inavyoishi. Wananchi wakashtuka, serikali ikaunda kamati, na mwaka 1965 ripoti ya kamati hiyo, maarufu kama ripoti ya Brambell, ikasema mnyama anayefugwa walau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake.

Kutoka kusema hadi kutenda ilichukua muda mrefu. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 1999, na vile vizimba vitupu vikapigwa marufuku kuanzia Januari 1, 2012. Katika vizimba hivyo kila kuku alistahili sentimita za mraba 550. Ukitaka kujua ni kiasi gani, tandaza gazeti hili mezani. Ukurasa mmoja unatosha kuku wawili hivi, maisha yao yote.

Vizimba vya sasa vina nafasi ya sentimita za mraba 750 kwa kila kuku, pamoja na kijiti cha kukalia, mahali pa kutagia na pa kuparua, na kimoja kinaweza kubeba kuku hata 80. Hao ndio tuliochukua siku hiyo. Dukani unaweza kujua yai limetoka wapi kwa kusoma tarakimu ya kwanza iliyopigwa mhuri kwenye gamba: 0 ni la kuku wa kilimo hai, 1 ni la kuku anayetoka nje, 2 ni la kuku wa bandani anayetembea sakafuni, na 3 ni la kizimbani. Mzee alinionyesha hayo huku amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

KUKANYAGA UDONGO

Nyumbani kwa Mzee banda lilikuwa tayari, la mbao, lina ngazi na mlango wa kuteleza. Nikauliza bei. Pauni 300. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu, msomaji. Kijijini unapata ng'ombe, na yeye atakupa maziwa.

Boksi likafunguliwa kwenye nyasi. Kuku wa kwanza akatoka, akasimama. Akasimama tu. Zikapita dakika kama kumi, hakuinua hata mguu. Halafu akaunyanyua mmoja juu sana, kama mtu anayeingia baharini asubuhi, akaushusha taratibu. Akaunyanyua wa pili. Kisha, bila kufundishwa na yeyote, akaparua, akarudi nyuma hatua moja, akatazama alichofukua. Ilikuwa mchwa? Ilikuwa jiwe? Sijui, lakini alikidonoa.

Alasiri mmoja wao aligundua mahali pakavu chini ya ua, akajilaza ubavu, akaanza kujirushia vumbi. Kuku wa kwetu hufanya hivyo kila siku na hakuna anayesimama kumtazama. Huyu alikuwa na umri wa mwaka na nusu na ndiyo kwanza anaoga vumbi la ardhini. Mzee alisimama dirishani na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Giza lilipoingia hawakujua kwenda kulala, ikabidi awabebe mmoja mmoja, maana mbweha wa huko hana dogo.

Wawili aliwapa majina ya mashemeji zake, ati wanatembea vile vile. Wa tatu akaniomba nimpe jina la Kiswahili. Nikasema Subira. Yeye akatamka "Sabira", na mpaka naondoka ilikuwa hivyo hivyo.

Masharti ya kufuga kuku huko yatakuchosha. Tangu Oktoba 1, 2024, mtu wa England au Wales akiwa na kuku, hata mmoja, lazima amwandikishe serikalini. Chanzo ni homa ya mafua ya ndege; England, kuanzia Novemba 7, 2022 hadi Aprili 18, 2023, kuku wote walitakiwa kufungiwa ndani kwa amri. Jambo jingine, ni kosa kisheria kumpa kuku makombo yaliyotoka jikoni, isipokuwa nyumba ambayo haitumii kabisa kitu cha mnyama. Yaani wali uliobaki chunguni, ambao kwetu ndio mshahara wa kuku, huko unakupeleka mahakamani.

Utitiri ni ule ule, unajificha mchana kwenye mbao na kunyonya usiku. Kuku akiumwa anapelekwa kwa daktari wa mifugo na kukaa foleni moja na mbwa. Tena wengi wao huharibika mfuko wa uzazi kwa sababu ya kutaga kupita kiasi, na daktari huweza kumwekea kuku kipandikizi chini ya ngozi ili asimamishe mayai mwili upumzike. Uzazi wa mpango wa kuku! Wapo hata waliowafumia sweta za sufi kwa kuwaonea huruma, mpaka wajuzi wakasema acheni, sweta inamzuia kuku kujisafisha na kumtia joto.

HESABU YA DEREVA

Usiku tukala kwa Mzee, mkate, jibini na supu ya mboga. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza, kwa heshima, kwa nini anajitaabisha.

Akasema, "Nimeendesha basi miaka 38. Kila siku ya zamu nilikula mayai mawili. Piga hesabu."

Nikapiga pembeni ya gazeti lake. Ukichukua siku 300 za kazi kwa mwaka, ni mayai 22,800. Kuku mmoja katika mwaka wake wa kutaga na miezi michache ya juu hufikisha kama 350. Kwa hiyo Mzee huyu amekula kazi ya maisha ya kuku 65, bila kuhesabu keki.

"Basi," akasema, "nimewalipa watatu."

Tulipotoka dada akanieleza ambayo Mzee mwenyewe hakuyasema. Mkewe alipofariki alikuwa hafungui mapazia mpaka mchana, na majirani walikuwa wakipeana zamu ya kumgongea mlango. Siku hizi kuku wanataka kufunguliwa alfajiri, na asipotoka wanapiga kelele. Kumbe hata kaskazini, Gateshead, shirika la Equal Arts lina mpango unaoitwa HenPower wa kufuga kuku pamoja na wazee, hata kwenye nyumba za kulelea wazee, ili wawe na kitu cha kuamkia. Dada, ambaye kila siku anashinda na wagonjwa wazee, alisema hana kidonge kinachofanya kazi hiyo.

NA SISI JE?

Najua utasema: huo ni wendawazimu wa walioshiba. Kwa sehemu nakubali. Uingereza ina kuku wa mayai kiasi cha milioni 40. Wanaopata bustani na jina ni wachache sana, waliobaki huishia kwenye pai, supu za viwandani na chakula cha mbwa. Kwetu kuku wa mayai aliyechoka anauzwa mzima mzima mtaani, anachemshwa muda mrefu, anakula mtu na watoto wake, na hakuna kinachotupwa. Mama mwenye watoto watano hawezi kumfuga kuku kwa ajili ya kumtazama, wala asiambiwe afanye hivyo.

Ila kuna jambo limenikaa. Vizimba vya waya vya kupanga ghorofa, ambavyo Ulaya iliviondoa vile vitupu mwaka 2012 baada ya miaka mingi ya kubishana, sasa vinatangazwa Afrika Mashariki kama ndio ufugaji wa kisasa. Vinaokoa nafasi, yai linateremka safi, kuku wengi wanaenea kwenye kiwanja kidogo. Mtu wa Mbagala mwenye kauani kake anavutiwa, na simlaumu. Yai ndilo kitoweo cha mwenye kipato kidogo. Bila yai hakuna chipsi mayai, na bila chipsi mayai sijui vijana wa mjini wangeishi vipi.

Lakini tazama. Wafugaji wetu wengi bado wanafuga kuku sakafuni, juu ya maranda au pumba za mpunga, kuna vijiti vya kulalia na viota vya kutagia. Kuku anatembea, anaparua, anaoga vumbi. Kwa mhuri wa Waingereza hiyo ni namba 2, na mnunuzi wa huko anaongeza pesa ili aipate badala ya namba 3. Wao wanalipa kurudi mahali ambapo sisi hatujaondoka bado. Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, kwa hiyo hata kwenye karatasi jambo hili si geni. Anayetaka kununua vizimba, kabla hajatoa pesa, atandaze kwanza gazeti chini, asimamishe kuku wawili juu ya ukurasa mmoja, awaangalie kwa nusu saa.

Januari 2025 dada alinipigia simu. Shemeji mmoja alikufa wiki ya Krismasi, kazikwa chini ya mti wa tofaa, na Mzee tayari ameshajiandikisha kuchukua wengine. Subira ameota manyoya shingo nzima, upanga umekuwa mwekundu, na anamfukuza paka wa jirani. Tena katikati ya baridi ile, bila taa ya kumlazimisha, ametaga yai moja, gamba jembamba kama karatasi.

Nikauliza, Mzee kalifanya nini? Kaliweka ukumbusho?

"Kalikaanga, kala," dada akasema.

Hapo nikatulia. Mzee yule akili yake ni nzima kabisa.